Jina Alilolibadilisha Kheri

Kwa miezi minne Bi Mashavu, aliyekaribia kustaafu, na kijana Kheri walikaa meza moja katika ofisi ya maji bila kusalimiana. Bi Mashavu aliandika programu ya Java iliyokaa kwenye seva. Kheri aliandika programu ya JavaScript iliyochora ramani ya mabomba kwenye kioo cha kompyuta. Ili ramani ifunguke, Java ya mama huyo ilipaswa kuiita fanksheni ya Kheri, kile kipande cha programu kilichochora, kwa jina lake, herufi kwa herufi.

Siku ya kuionyesha bodi ramani hiyo, Bi Mashavu alibonyeza. Ukuta uliomulikwa na projekta ukabaki mweupe.

"Umebadilisha jina," alimwambia Kheri.

"Fanksheni ni yangu. Naiita nitakavyo."

"Sasa inaitwaje?"

Kheri akawatupia jicho wajumbe wa bodi. Asubuhi ile alicheka peke yake alipokuwa akilibadilisha. Hakufikiri angelazimika kulitaja mbele za watu.

"Mtajie, Kheri! Wajumbe wanasubiri," mkurugenzi akafoka.

Alilitaja kwa sauti ya chini.

"Sijasikia," Bi Mashavu alisema, ingawa alikuwa amesikia. Kheri akarudia.

Bi Mashavu akafungua programu yake pale ukutani, akayakuza maandishi hadi yakasomeka kutoka mlangoni, akafuta jina la zamani na kuandika jipya polepole: ajuzaHajuiKitu.

Hakubonyeza. Akaisukuma kibodi mbele ya Kheri.

"Iite wewe."

Kidole cha Kheri kilisita juu ya kitufe. Hakuna mjumbe aliyekuwa akitazama ukuta tena.