Kifungu cha Mto

Lifti ilikuwa inapanda, na ndani alikuwamo mjumbe mmoja wa bodi. Afisa mazingira wa kiwanda cha ngozi aliikumbatia ripoti yake. Kati ya wajumbe wote, ni mzee huyu peke yake aliyeomba kuisoma mapema.

"Dada," mzee alisema, "kile kifungu cha mto kimeninyima usingizi."

"Pole, mzee."

"Hakifai kukaa pale. Kikibaki pale, tumeharibu kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kilikuwa kifungu kimoja tu, mwisho kabisa wa ripoti: maji ya kiwanda yanaingia mtoni yakiwa na dawa za kusindikia ngozi, na watu wa chini huko wanayatumia. Aliyapima mwenyewe. Mdogo wake anaishi huko, na mtoto wake anajikuna mpaka damu.

Lakini aliyemtangulia kwenye kiti kile aliandika maneno kama hayo. Siku hizi anagawa sabuni stoo.

Afisa alikaa ofisini kwake, akasimama. Akachota maji ya kunywa, akayaacha mezani. Akampigia mdogo wake.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Leo afadhali. Dada, ripoti si ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Basi macho yetu kwako."

Alikata simu, akakifuta kifungu, akachapisha nakala upya harakaharaka, asije akabadili nia.

Bodi ilipokutana alibaki koridoni, akienda na kurudi kama mwenye mgonjwa chumba cha upasuaji. Ndani watu walicheka, wakanyamaza, wakabishana kidogo. Kisha makofi. Ripoti imepita. Akashusha pumzi, angalau kazi bado anayo.

Wajumbe walitoka wakiulizana magari yao yameegeshwa wapi. Mzee alitoka wa mwisho, mabega yamelegea. Dada akajisogeza karibu, apate walau tabasamu.

"Mtambo wa kusafisha maji niliowaomba wameukataa," mzee alisema. "Nimewaeleza habari za mto mpaka koo limekauka. Wananiuliza, ushahidi uko wapi, mbona ripoti haisemi?"

Akaifungua nakala yake ukurasa wa kwanza, akaugusa kwa kidole.

"Nilijua utakileta hapa mbele."