Sauti ya Mbwa wa Katuni

"Hiyo katuni ya mbwa inawafaa watoto kweli?" Mama Tunu aliuliza mlangoni mwa banda la video.

"Haina ngumi wala mabusu, mama," alijibu Lufingo, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwasemea wahusika kwa Kiswahili. "Hata wa chekechea wanaangalia."

Tunu akaingia, akacheka mpaka mwisho. Mbwa wa katuni alikuwa na sauti nzito, ya upole, sauti ya Lufingo, naye alimwita kila mtoto "rafiki yangu."

Filamu ilipoisha, Mama Tunu alikuwa akimtafutia mwanawe ndala mlangoni aliposikia kelele nje: "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Watu walikimbilia madukani. Uwanjani alibaki Tunu peke yake, amemnyooshea mkono mbwa aliyekuwa akipepesuka, mate yakimchuruzika hadi chini.

"Unaitwa nani?" Tunu alimwuliza, akangoja ajibiwe.

Mama yake aliita, mtoto hakugeuka. Mama akamkwida shati Lufingo, aliyekuwa kando yake mlangoni. "Sema naye wewe! Kwa ile sauti!"

Sauti ilimtoka Lufingo kama kwenye katuni.

"Rafiki yangu, usinishike. Rudi nyuma taratibu."

Uso wa Tunu ukachangamka. Alirudi hatua moja, halafu nyingine, macho yake yakiwa kwa mbwa.

"Haya, nimerudi," akamwambia. "Sasa na wewe njoo."

Mbwa akainua kichwa.