Miguu Chini ya Shuka

Miguu miwili ilipotokea ukutani, mikubwa kuliko mlango, mfagizi aliyesimama nyuma ya ukumbi alikaza mikono kwenye mpini wa ufagio. Kisigino cha kulia kilikuwa na ufa uliopinda. Hakuhitaji kuambiwa miguu ile ni ya nani. Ilikuwa yake, na wakati huo huo ilikuwa ndani ya buti zake za mpira, hai kabisa, inawasha.

"Hivi ndivyo nilivyomkuta mama," ilisema sauti ya mchora mabango kutoka kwenye spika. "Ameshakata roho. Sikuwahi kumwambia asante."

Ukumbi mzima ukavuta kamasi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Kwa miezi mitatu kituo cha habari cha mtaa kiliwafundisha video wasanii kumi, wachoraji, wachongaji na wafinyanzi, watu waliozoea brashi na udongo. Leo kila mmoja alionyesha filamu yake ya dakika tano, na mmoja tu angeondoka na kamera na ufadhili wa mwaka mzima. Sharti lilibandikwa mlangoni: mambo ya kweli tu, kuigiza marufuku. Mfagizi ndiye aliyelifuta vumbi sharti hilo kila asubuhi.

Mwezi uliopita mchora mabango alikosa darasa siku tatu, akarudi akasema amefiwa na mama. Mwalimu akamkumbatia. Mfagizi alijua vizuri kwamba siku hizo kijana alikuwa juu ya ngazi, anachora bango la saluni, lakini nani angemuuliza mfagizi? Wiki iliyofuata kijana akamvizia ukumbi ukiwa mtupu. "Najifunza mwanga tu," alisema. "Lala hapo mezani dakika kumi, usitikisike." Akalala, akafunikwa shuka alilolifua mwenyewe. Alikuwa amechoka, hata usingizi ukampitia. Kumbe alikuwa anauawa.

Sasa alitazama. Sauti ile iliyolegezwa makusudi! Kidole kile kinachofuta jicho kavu! Mgeni wa heshima kutoka kwa wafadhili alilia mpaka poda ikafanya michirizi, na karatasi za kufutia pua zikawa zinadondoka sakafuni moja baada ya nyingine, zimelowa, za kuokotwa na yeye. Alihisi kinyaa cha mtu aliyeshika dekio bichi asilojua limefuta nini. Watu wazima na akili zao, wanamlilia mtu anayewadekia sakafu.

Taa zikawashwa, makofi yakapigwa. Mchora mabango alisimama mbele, shati limenyooshwa pasi mpaka kola imesimama, kichwa amekiinamisha kwa unyenyekevu wa kununua. Miezi yote hiyo, mbele za watu, alimpita mfagizi mlangoni bila hata salamu.

Ndipo mfinyanzi akanyoosha mkono. Binti huyu hakukosa darasa hata siku moja. Filamu yake ilikuwa ya mikono yake tu na chungu kilichokataa kusimama, na kabla ya maiti ile kuonekana ukutani, kila mtu alijua kamera ni yake.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Ule ufa naujua. Nyufa ndiyo kazi yangu, nazitazama kutwa. Mama huyu hunawa miguu pale bombani ninapokandia udongo. Ile ni miguu yake."

Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu akamwita mfagizi mbele, akamwekea kiti. Hakukaa.

"Mama, usiogope. Hakuna atakayekufukuza kazi. Ile ni miguu yako?"

Mfagizi alimtazama mchora mabango. Kijana alikuwa anakuna sikio la kushoto, kama afanyavyo siku zote akishikwa pabaya. Haya hakuwa nayo. Alikuwa na hofu kidogo, na nyuma ya hofu hiyo, uhakika. Alijua tayari atajibiwa nini. Uhakika ule ulimchefua kuliko uongo wenyewe.

Akamtazama mfinyanzi, mwenye udongo chini ya kucha, anayemngojea kwa macho ya kumwamini. Neno moja tu lingetosha.

"Si yangu," alisema mfagizi. "Mimi muda wa kulala ningeupata wapi?"

Watu wakacheka, wamepata ahueni.

"Mama, vua buti basi tuone," mfinyanzi alisema. "Vua tu."

"Nina fangasi, binti yangu. Wageni hawajala bado."

Pua zikakunjwa safu nzima ya mbele, na hakuna aliyetaka kuona tena. Mfinyanzi akaambiwa amwombe radhi mwenzake aliyefiwa. Akaomba, akachukua chungu chake na kutoka bila kumtazama mfagizi. Kamera ikakabidhiwa.

Ukumbi ulipobaki mtupu, mfagizi aliziokota karatasi za makamasi moja moja, kwa vidole vitupu. Glavu zilikuwa mfukoni. Mate yalimjaa mdomoni, machungu, na hakujua ayateme wapi katika sakafu aliyoisafisha mwenyewe.

Mchora mabango akarudi, kamera shingoni. Kwanza akachungulia mlangoni kuhakikisha hakuna mtu.

"Wenzangu wananingoja nje, tunaenda kujipongeza," alinong'ona. "Nitachelewa. Usiweke komeo, na chakula changu kifunike kama kawaida."

Mfagizi hakuinua kichwa.

"Akupikie nani?" alisema. "Mama yako si amekufa?"