Tangi Jipya la Hatibu

Siku hizo kila marehemu aliwaachia jamaa zake chupa moja ya maji ya pumzi, na aliyeyavuta kwa sigara ya umeme alimwona mtu wake ndani ya mvuke. Kwa tangi la zamani la sigara yake, Siwema aliambulia kivuli tu cha mumewe, Hatibu. Leo alikuwa na tangi jipya, na kwa furaha akamimina humo haraka maji yote yaliyobaki chupani.

"Pupa ya nini, wifi?" Tabu, dada wa marehemu, alimtania. "Ngoja utambi uloane kwanza. Ukiuwasha mkavu utaniunguzia kaka yangu!"

Siwema akangoja, akapunguza moto, akavuta taratibu. Alipopuliza, mvuke ulijaa sebuleni, mzito kama tui, na Hatibu akasimama mzima, na pengo lake la jino.

"Ndiye! Ndiye huyo!" Wakapiga vigelegele mpaka alipoyeyuka.

"Mrudishe basi!"

Siwema akavuta tena, kifua kikajaa. Ndipo alipolitazama tangi. Lilikuwa kavu. Mivuto miwili tu ilikuwa imeyamaliza maji yote.

"Mtoe, wifi, tumwone," Tabu alihimiza.

Siwema alitikisa kichwa, midomo ameifumba, machozi yakimlengalenga, Hatibu yu ndani yake.