Twiga Aliyejivunia Kuinama

Twiga alitamba mbuga nzima kwamba hajawahi kumwinamia yeyote. Siku moja aliteleza, kano la goti likachanika, na goti likakataa kukunjika. Bwawa likawa mbali na mdomo wake, akaishi kwa kulamba umande wa majani.

Korongo, mganga wa viungo, alimfunga goti hadi uvimbe ukaisha. Kisha akamwambia, "Sasa kila asubuhi utainama kidogo mbele yangu."

"Mimi simwinamii ndege."

"Basi kaa na kiu yako, bibi."

Twiga alimeza mate, akainama kiduchu. Kila kulipokucha alishuka zaidi, akiuma meno.

Hatimaye aliwaita wanyama wote bwawani. Akakunja goti taratibu, akanywa hadi akakata kiu, akainuka kidevu kikichuruzika maji.

"Haya," akasema, "nani kati yenu anajua kuinama hivi?"