Mbeba Maumivu wa Nzioka

Mume wangu Nzioka ni beki wa hoki ya barafu, na sheria ya ligi humruhusu kila mchezaji kumchagua mtu wa nyumbani wa kumbebea maumivu msimu mzima; jeraha lenyewe hubaki mwilini mwa mchezaji. Akigongwa yeye huinuka akicheka, mimi huku jikoni naangusha mwiko. Aling'olewa meno matatu, nikanywa uji mimi wiki mbili. Hata daktari wa timu hunipigia simu mimi kuuliza mwenzangu ameumia wapi.

Niliisubiri fainali kama mfungwa, maana ndiyo ingenifungua. Asubuhi yake Nzioka akaniambia akifunga begi, "Mama Mwende, nimekuandikisha tena msimu ujao. Si umeshazoea?"

"Nimezoea, Baba Mwende. Hata jiko huzoea moto."

Kipindi cha pili mijitu miwili ilimbana ukutani. Kitu kikapasuka ndani ya ubavu wangu wa kushoto, pumzi ikakatika, nikaketi sakafuni. Simu ikalia.

"Shemeji, tuambie upesi, anaumwa wapi?"

Kwenye runinga Nzioka alikuwa akitabasamu, anaomba kurudi uwanjani.

"Haumwi popote, daktari," nikasema, pindo la leso menoni. "Mwacheni acheze."