Alama ya Tisa

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nguo za wateja hazikukauka. Jioni, Bi Mwanakheri, mfua nguo, alikwenda kwenye darasa lake la hesabu la watu wazima kuaga.

“Nimechoka, mwalimu. Nifutie jina kwenye mtihani.”

“Maliza mlinganyo huu kwanza, mama.”

Ubaoni: x² + 9x + 20 = 0. Aliandika mizizi yake, yaani thamani za x: 4 na 5. Zao la kuzidisha, ishirini, sawa. Jumla, tisa.

“Umekosea alama tena!” alicheka Kibwana, mwanafunzi mwenzake. “Tisa ya katikati hugeuzwa alama, Bi Kheri!”

Alifumba macho, akanong'ona dua. Kisha akaweka kijistari cha hasi mbele ya kila namba. Zao ishirini; jumla, hasi tisa, sawa.

Aliegemeza paji la uso ubaoni.

“Nyote mashahidi,” alisema bila kugeuka. “Mungu akinijalia uzima, mtihani nitaufanya.”